Mwalimu wa Kusimama

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, alifanya kazi ya kuwafundisha watu kusimama. Ukisema hivyo watu wanacheka, maana mtu mzima gani hajui kusimama? Lakini ndiyo kazi iliyomlisha kwa miaka ishirini na sita kwenye uwanja wa gofu ambao mimi nakata nyasi zake mpaka leo. Walimu wengine walifundisha kupiga. Yeye alisema kupiga ni jambo la sekunde moja, na ndani ya hiyo sekunde huna unachoweza kurekebisha tena. Mpira umeshaamuliwa uendako kabla fimbo haijainuka, umeamuliwa na miguu, nyonga na mabega. Kwa hiyo mwanafunzi wake mpya, siku mbili za kwanza haoni mpira hata mmoja. Anasimama, anasahihishwa, anatoka, anarudi, anasimama tena.

Klabuni tulimwita Rula. Jina alipewa na wabeba fimbo, kwa sababu hakuachana na vijiti viwili virefu vyembamba, vimepakwa rangi nyeupe, ambavyo alivilaza kwenye nyasi mbele ya mwanafunzi. Kimoja kinaelekea kwenye bendera, kule mpira unakotakiwa uende. Cha pili anakiweka sambamba nacho, kwenye ncha za viatu.

"Hizi ni reli," alikuwa akisema. "Mpira unapita reli ile, wewe umesimama kwenye reli hii. Reli hazikutani. Ukigeuza mabega yako yaitazame bendera, umeshazikutanisha, na mpira wako tutautafuta vichakani mpaka jioni."

Kisha anamwonyesha jani au kipande cha udongo hatua moja mbele ya mpira, kilicho kwenye mstari uleule wa bendera. Jipange na hicho kilicho karibu, anasema, cha mbali kinadanganya macho. Miguu iachane kwa upana wa mabega. Pinda kwenye nyonga, si kiunoni. Magoti yalegee kidogo, mikono ining'inie yenyewe, uzito ukae katikati ya nyayo. Nimeyasikia maneno haya mara nyingi sana nikiwa juu ya mashine yangu, hata ningeweza kufundisha mimi, isipokuwa sina jicho.

Yeye alikuwa nalo. Akiwa amekaa kwenye benchi na kikombe chake cha chai, aliona kutoka hatua themanini nani bega lake limetangulia. Kuna arusi ilikuja kupigwa picha kwenye nyasi zetu, akamfuata bwana arusi na kumwambia kwa heshima zote kwamba uzito wake wote umekaa kwenye visigino. Bwana arusi akamjibu kwa sauti ya chini kwamba viatu ni vya kuazima.

Dada yangu alikuwa mpiga pasi kwenye duka la dobi. Kazi yake ilikuwa ya miguu pia. Asubuhi mpaka jioni alisimama mbele ya meza ndefu iliyotandikwa blanketi na shuka juu yake, pasi nzito mkono wa kulia, mkono wa kushoto unanyoosha kitambaa. Jioni akirudi nyumbani kulikuwa na nguo za majirani, hizo alizipiga pasi sebuleni kwenye meza ya kulia chakula. Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili na sebule, na kibaraza kidogo kilichotazama ua wa kamba za kuanikia. Walikuwa na binti mmoja tu, karani wa ghala katika mji mwingine, anayekuja kila baada ya wiki mbili.

Sijui hasa dada alianza lini kuegemea. Ninachokumbuka ni Jumapili moja nipo pale sebuleni, yeye anapiga pasi mashati, na mume wake amekaa akimtazama. Dada alikuwa amelaza ubavu wa kushoto kwenye ukingo wa meza, nyonga ya kulia imetoka nje.

"Mama, umelala upande," Rula akasema.

"Nimechoka tu."

"Hujachoka. Umejipanga vibaya, ndiyo maana unachoka." Akainuka, akaja nyuma yake, akamwekea viganja viwili kwenye nyonga, kama anavyowafanyia wanafunzi wake baada ya kuwaomba ruhusa. Akamgeuza taratibu. "Mguu huu urudi hapa. Uzito gawa. Haya, magoti yalegee. Hapo sasa."

Dada akasimama wima. Alikunja uso kidogo, lakini alikuwa anatabasamu. "Mwalimu ameridhika? Naweza kuendelea na shati?"

Tulicheka wote watatu. Nami nilicheka.

Ikawa ndiyo desturi ya nyumba ile. Akiingia mlangoni anamkuta ameegemea, anamsahihisha. Baada ya muda hata kumgusa hakukuwa na haja. Dada akisikia tu viatu vyake kibarazani anajinyoosha, na akitoka anarudi pale pale kwenye ukingo wa meza. Alipolalamika mgongo, mume wake akamwambia mgongo ni mkao, mtu hawezi kusimama saa kumi vibaya asiumwe. Alimtafutia kipande cha zulia nene akasimamie kule dukani. Alimfundisha mazoezi ya kujibandika ukutani, visigino, makalio, mabega na kisogo vyote viguse. Dada aliyafanya kila asubuhi. Nayasema haya yote ili mtu asije akadhani alimpuuza. Mume gani mwingine mtaani kwetu alijua mke wake anasimamaje?

Na mimi nina langu. Siku moja nilikuwa nimekaa kibarazani, dada anatoka kwenye kamba na beseni la nguo. Kandambili ya mguu wa kulia ikabaki nyuma. Alitembea hatua tano, sita, mguu mtupu juu ya kokoto, hana habari. Nikamwambia, "Dada, kandambili imekukataa." Akatazama chini, akacheka, akarudi. Alijaribu kuichomeka mguuni mara mbili ikashindikana, akaweka beseni chini na kuivaa kwa mkono. Nilimaliza chai yangu nikaenda zangu.

Mwaka uleule kule klabuni kulikuwa na mwanafunzi wa Rula tuliyemwita Wakili, kwa sababu alikuwa wakili. Mtu wa miaka sitini hivi, mkali, hapendi kuambiwa jambo mara mbili. Alikuwa amefundishika vizuri, mipira yake ilikuwa inanyooka kama uzi. Ghafla ikaanza kuangukia kulia. Wiki ya kwanza akasema ni fimbo. Wiki ya pili akasema ni nyasi, yaani mimi. Rula akavilaza vijiti vyake, akakagua vidole vya miguu, viko sawa. Mabega, sawa. Akamwambia atembee mpaka kwenye mti na kurudi. Wakili akauliza kutembea kunahusiana nini na gofu, lakini akatembea.

Nilikuwa karibu, nimezima mashine kutoa nyasi zilizokwama, kwa hiyo nilisikia yote.

"Mzee," Rula akasema, "naomba usikasirike. Hili si kosa la gofu."

"Ni kosa la nini?"

"Mguu wako wa kulia unakwaruza chini. Ncha ya kiatu imelika, angalia mwenyewe. Na ukisimama mwili wako unakimbilia kushoto, unaukwepa huo mguu. Siwezi kukusahihisha hapo. Nikikusahihisha nitakuwa nakulazimisha usimamie kitu kibovu. Nenda hospitali."

Wakili alichukia. Alikusanya fimbo zake akaondoka, na mwezi mzima hakuonekana. Tukajua Rula atapata barua kutoka kwa meneja.

Badala ya barua alikuja Wakili mwenyewe, amekonda, na kovu limeshuka kutoka kisogoni mpaka kwenye kola ya shati. Walikuta kitu shingoni kinabana uti wa mgongo, wakakitoa. Daktari alimwambia angechelewa miezi michache angekuwa wa kubebwa. Akamshika Rula mkono mbele ya watu waliojaa ukumbini, wanachama, wapishi, sisi wa nyasi, akasema huyu bwana aliona kwa macho matupu jambo ambalo yeye mwenye mwili hakuliona. Watu wakapiga makofi. Rula hakujua pa kuweka mikono yake.

Jioni hiyo tulitoka pamoja, nikapitia kwao, kwa sababu nilitaka mimi ndiye nimsimulie dada. Mume wake hajui kujisifu. Tulimkuta anapiga pasi. Nikasimulia vizuri, nikaigiza Wakili anavyotembea kwenda kwenye mti, jinsi ncha ya kiatu inavyokwaruza, jinsi mwili unavyokimbilia upande mmoja. Rula alikuwa anafungua kamba za viatu.

Dada aliisimamisha pasi wima, akaichomoa kwenye umeme. Akakaa kwenye kiti, jambo ambalo hakuwa analifanya nguo zikiwa bado.

"Mimi nasimama hivyo mwaka mzima sasa," akasema.

Hakuisema kwa lawama. Alisema kama mtu anayekumbuka kitu alichosahau sokoni. Rula akabaki ameinama na kamba ya kiatu mkononi. Kisha akamwambia, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Hebu tembea mpaka mlangoni."

Dada alitembea mpaka mlangoni. Mlango haukuwa mbali. Alipofika akaushika, na hakugeuka.

Hospitali tulikwenda kesho yake asubuhi, sote watatu. Walimpiga picha za kila aina, tukasubiri kwenye korido yenye viti vya plastiki vilivyounganishwa. Daktari aliyetuita ndani alikuwa mwanamke kijana, mpole, ana kalamu anaigeuzageuza. Alipitisha ncha ya kitu chini ya nyayo za dada, kisha akauliza, "Ganzi hii imeanza lini?"

Dada alimtazama mume wake kwanza. "Tangu mwaka jana. Ilianza vidoleni."

"Na choo? Haja ndogo unaizuia sawasawa?"

Dada akatazama pembeni. "Si sana."

"Mama, mbona hukuja?"

"Nilidhani nasimama vibaya," dada akasema.

Daktari aliandika kitu. Nadhani hakuelewa kilichosemwa mle chumbani. Mimi nilimwangalia Rula. Alikuwa amekaa wima kabisa, mikono juu ya magoti, na machozi yanamshuka bila uso wake kubadilika hata kidogo.

Uvimbe ulikuwa kwenye uti wa mgongo, chini kidogo ya katikati, na ulikuwa umeshasambaa. Walimpasua wakatoa walichoweza. Miguu haikurudi. Baada ya wiki tano tukaletewa dada nyumbani akiwa wa kulala, na daktari akatuambia mimi na Rula kwenye korido ileile kwamba tusitegemee mwaka.

Rula aliomba ruhusa klabuni, ikaisha, akaomba nyingine. Meza ya kulia chakula ilitolewa ikawekwa kibarazani ili kitanda kikae sebuleni, penye hewa. Kila baada ya saa mbili dada alitakiwa kugeuzwa ili ngozi isivunjike. Mara ya kwanza nilipojaribu kumgeuza peke yangu nilimvuta mkono, akaguna, na mgongo wangu mimi ukakamaa siku tatu. Rula akanisimamisha kando ya kitanda.

"Usimvute. Jipange kwanza wewe. Miguu iachane, huu utangulie. Pinda kwenye nyonga. Mkono mmoja chini ya bega lake, mwingine chini ya nyonga. Sasa hamisha uzito wako kutoka mguu huu kwenda huu, naye atakuja mwenyewe."

Nikafanya. Alikuja mwenyewe, mwepesi, kama mto. Dada akasema, akiwa ametazama ukuta, "Umepata mwalimu mzuri."

Sijui kama ulikuwa utani. Rula alitoka kwenda uani na hakurudi mpaka chai ikapoa.

Binti yao alikuja na kukaa wiki nzima mwezi wa tatu. Alikuwa anamwosha mama yake, anamchana nywele, anamsomea habari za watu kwenye simu. Kwa baba yake alisema yale tu yaliyohitaji kusemwa: dawa iko wapi, maji yamechemka. Siku ya mwisho, mfuko wake ukiwa umeshafungwa mlangoni, akamwambia baba yake kule kibarazani, mimi nikiwepo:

"Baba, kila nilipokuja ulikuwa unamsahihisha."

"Ndiyo."

"Niliona anakunja uso. Nikadhani ni kawaida yenu."

"Ndiyo, mwanangu."

"Usiseme ndiyo tu."

"Macho yangu yalikuwa ya kazini," Rula akasema. "Nyumbani nilikuja na mdomo tu."

Binti akanigeukia mimi. "Na wewe, Mjomba, hukuona kitu?"

Nilimweleza habari ya kandambili. Sikuwa nimemwambia mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akabeba mfuko wake, akaenda kituoni peke yake. Rula hakunitazama. Alinimiminia chai, akanisogezea kikombe, na tukakaa pale mpaka saa ya kumgeuza dada.

Dada alifariki mchana mmoja mwezi wa nane, wakati Rula yuko dukani kununua sabuni. Nilikuwa mimi kando yake. Hakusema lolote la kukumbukwa. Aliomba dirisha lifunguliwe zaidi, nami nikamwambia limefunguka lote, akasema sawa.

Baada ya mazishi Rula alirudi kazini. Meneja alimpokea vizuri, Wakili naye alikuwa amewaambia wenzake wamngoje, kwa hiyo wanafunzi hawakukosekana. Vijiti vyake vyeupe alivikuta palepale alipoviacha. Lakini hakuwa tena anawashika watu mabega wala nyonga. Mwanafunzi akisimama mbele yake, kabla ya kusema lolote la miguu anauliza, "Unaumwa popote?"

Mwanzoni walidhani ni utani wake mpya. Mtu anasema hapana, twende. Rula anauliza tena. Mgongo? Magoti? Ukiamka asubuhi vidole vyako unavihisi? Anamtembeza mpaka kwenye mti na kurudi, mara ya pili, mara ya tatu. Mama mmoja, mwenye hoteli, alikiri kwamba goti linamsumbua akipanda ngazi. Rula akakataa kumfundisha mpaka alete karatasi ya daktari. Akaleta, haina kitu, ni uzee tu. Bado alimwangalia kwa wasiwasi na somo zima likapita hajamwambia ajisogeze hata inchi moja. Mipira ya yule mama ilikwenda kila mahali, hata mimi ilinikosakosa.

Nilimwambia siku moja wakati wa kula, "Shemeji, si kila aliyepinda ni mgonjwa. Wengine wamepinda tu."

"Najua."

"Basi wafundishe."

"Nikisema simama hivi, halafu akasimama?" akasema. "Halafu ikawa inamuuma, lakini amesimama kwa sababu nimemwambia?" Akafunga chombo chake cha chakula, hakuwa amekula. "Wanasimama, shemeji. Watu wanatii. Mimi sikuwa najua jinsi watu wanavyotii."

Meneja alivumilia miezi minne. Kisha akamwita akamwambia, bila ukali, kwamba hapa si zahanati, na wanachama wanaomba mwalimu mwingine. Hakumfukuza. Alimpeleka stoo, chumba cha nyuma chenye dirisha moja, akawa anabadilisha mipini ya fimbo iliyochakaa na kuosha mipira kwenye ndoo. Kazi aliifanya sawasawa. Nikipita na mashine nilimwona ameinamia benchi, na mara nyingine nilizima nikaingia tukaongea habari za mvua na za mashine. Za dada hatukuzigusa, wala hatukuzikwepa; hazikuwa na mlango wa kuingilia.

Mwaka mmoja baada ya msiba binti yake alinipigia simu. Akasema amepata nyumba yenye chumba cha ziada na hapendi baba yake akae peke yake, lakini hawezi kumwambia yeye mwenyewe, nimwambie mimi. Nilimwuliza kama amemsamehe.

"Mjomba, mimi sikukupigia kwa ajili ya hilo," akasema. "Anakula vizuri?"

Nikamwambia ukweli, kwamba hali vizuri. Akasema, "Basi aje."

Ilinichukua wiki sita kumshawishi. Hakukataa kwa maneno, alikuwa tu anaahirisha: stoo ina fimbo za mashindano, paa linavuja, kodi imelipwa mpaka mwisho wa mwezi. Mwishowe aliaga klabuni Ijumaa moja. Wapishi walimpa mkono, meneja alimpa mkono, Wakili hakuwepo.

Binti alikuja na gari dogo la mizigo la kukodi. Tulipakia kitanda, makabati, masufuria, sanduku la nguo za dada ambalo hakuna aliyesema libaki au liende, likaenda. Meza ya kulia chakula haikutosha, nikaichukua mimi. Rula alifagia vyumba vyote viwili na sebule ingawa mwenye nyumba alimwambia asihangaike, akamkabidhi funguo.

Mbele, kando ya dereva, kulikuwa na nafasi ya watu wawili. Rula akapanda, akasogea katikati, akaacha pa kukaa. Binti yake akatazama pale, akafunga mlango kwa nje, taratibu, akazunguka nyuma na kupanda na mizigo. Akaketi juu ya godoro, mkono mmoja ameshikilia kabati lisiyumbe. Aliniambia, "Mjomba, tutapiga simu tukifika." Walipiga, yeye ndiye aliyepiga. Akasema wamefika salama, kitanda kimeingia kwa shida, na baba ameshalala.